Mshipi wa Mirodil

Mume wangu Yodgor ndiye mpishi wa pilau anayetafutwa kuliko wote upande wetu wa Kokand. Hilo silisemi kwa sababu ni mume wangu. Kama ni kumsema vibaya nimemsema sana, na leo pia nitamsema. Lakini mwenye kuoza binti huja kwetu kwanza kuuliza fundi ana nafasi siku gani, ndipo aende kwa wakwe kupanga tarehe. Pilau ya harusi kwetu huliwa asubuhi, wanaume wakitoka sala ya alfajiri, mamia kwa mamia, na kabla jua halijapanda vizuri kila mmoja ameshaeneza habari mjini: ilikuwa pilau, au ilikuwa uji. Aibu ya karai lililoharibika hukaa katika nyumba kuliko hata ndoa yenyewe.

Sasa mwendee mtu huyo umwambie, "Fundi, leo umetuua kwa utamu," uone vituko. Uso unamsawijika kama mtu aliyekutwa na kuku wa jirani kwapani. "Karoti zilikuwa tamu," atasema. Ukimbana zaidi atakwambia mchele ulikuwa wa mwaka jana, kuni za mforosadi zilikuwa kavu, upepo haukuvuma. Nimewahi kumsikia akimsifu kondoo. Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wangu mimi akisifiwa halali usingizi.

Anarudi nyumbani mkono umeshikwa na wazee wote wa mtaa, anakaa kwenye kitanda cha uani chini ya mzabibu. Pilau aliyoipika mwenyewe haigusi. Anasema tumbo. Miaka yote hiyo tumbo, lakini nikimletea mkate na chai anakula kama sisi wengine. Kuna siku mvua ilinyesha juu ya karai, harusini kwa muuza vitambaa, wali ukalainika kidogo tu. Hakuna mgeni aliyelalamika. Yeye alirudi amekodoa macho, karibu afurahi. "Umeona?" akaniambia. Nikamuuliza nimeona nini, akageukia chai yake. Baadaye sana ndipo nilipozielewa hesabu zake: makarai yote yaliyoiva vizuri yalikuwa bahati, lile moja lililolainika ndilo lililoonyesha yeye ni nani.

Lazima niseme habari ya mshipi, maana bila huo hakuna kisa. Kwetu mtu hawi fundi kwa kuijua kazi tu. Anaijua kazi, halafu siku moja fundi wake anawaita mafundi wenzake na wazee wa mtaa, kondoo anachinjwa, na mbele yao wote anamfunga mwanafunzi mshipi wa kitambaa kiunoni kwa mikono yake mwenyewe. Mikono inainuliwa, dua inaombwa, watu wanapangusa nyuso. Kuanzia hapo ana ruhusa ya kusimama kwenye karai lake. Anayesimama bila dua ya fundi wake, wanasema, chakula chake hakina baraka. Leo kitashibisha, kesho kitamuumbua. Sisi si watu wa kudharau dua. Mimi mwenyewe siwashi tanuri bila bismillahi.

Yodgor alijifunza kwa marehemu Fundi Sobir, mzee mkali aliyemtukana mchana kutwa na kumpenda kuliko wanawe wa kuwazaa. Mshipi ulikuwa ufungwe siku ya Ijumaa. Kondoo ameshanunuliwa, wageni wameshaalikwa. Jumatano ile Fundi Sobir akaanguka uani kwake akipasua kuni, na jua halijatua akawa amefariki. Kondoo yule tulimla matangani. Yodgor ndiye aliyepika, na waliokula walisema Fundi Sobir hajafa maadamu mkono wake umebaki. Tangu siku hiyo wakamwita fundi. Nilikuwa bi harusi wa juzi tu katika nyumba ya Yodgor, na mimi nilijua kile walichojua wote, kwamba dua aliipata pale kitandani, mzee akiwa anakata roho.

Mirodil alikuja kwetu miaka mingi baadaye, kijana mkubwa tayari, ametoka jeshini, mtoto wa pekee wa mjane Hosiyat wa mtaa wa pili. Alianza na kuosha vyombo na kuchochea moto, akaja kwenye karoti, ambazo hukatwa nyuzi nyembamba zinazolingana, si kukatwakatwa tu kama za mchuzi. Baadaye akashika nyama. Halafu nikaona jambo. Mume wangu alikuwa hatii chumvi mpaka amgeukie. "Onja," anamwambia. Mirodil anaonja, anafumba macho kidogo. "Bado, fundi. Kidogo tu." Na fundi anaongeza! Mwanafunzi gani huyo anayemwambia fundi wake bado kidogo? Ni yule aliyeiva. Harusi mbili zikigongana siku moja, Yodgor alimtuma Mirodil kwenye ile ya pili, kama mkono wake, si kwa jina lake mwenyewe, na huko hakuna aliyewahi kununa.

Basi watu wakaanza kuuliza mshipi uko wapi.

Jioni ya kuamkia harusi wanaume wa mtaa hukusanyika uani kwa mwenye shughuli kukata karoti, magunia kwa magunia, na hapo ndipo midomo inapofunguka. Siku hiyo nilikuwa nikipitisha chai. Mzee Tolib, ambaye ndiye mkubwa wa wapishi wote wa mji, alikuwa anakata karoti bila hata kuitazama.

"Yodgor," akasema, "huyu Mirodil ndevu zinakaribia kuota mvi. Utamfunga lini?"

"Inshallah, mzee."

"Hiyo inshallah ulinipa mwaka juzi. Mwaka jana ukanipa nyingine. Sasa ninazo za kutosha kufungua duka."

Uani kote wakacheka. Qobil, kinyozi wetu, mtu asiyeweza kuona kicheko kikipita bila kukidandia, akasema, "Muacheni jamani, mwenzenu anawaogopea wateja wake! Siku kijana akifunga mshipi, mzee mzima atafunga virago."

"Mshipi gani!" akadakia mwingine. "Huyu anatafuta kamba, amfunge miguuni asiende popote."

Yodgor alicheka pamoja nao, kicheko cha kuazima. Mirodil alikuwa ameinamia karoti zake, masikio yamemuiva, kisu hakikusimama hata mara moja. Nilimwongezea chai ambayo hakuwa ameimaliza, kwa sababu sikujua nimfanyie nini kingine.

Haukupita muda, Hosiyat akaja nyumbani, amebeba sambusa za boga zimefunikwa kitambaa safi. Alikaa pembeni kabisa mwa kitanda, kama mtu aliyekuja kuomba.

"Kunywa chai, mama," nikamwambia.

"Sikuja kunywa chai, mwanangu Robiya. Nimekuja kukuuliza, mwanamke kwa mwanamke. Mirodil wangu ana kasoro gani?"

"Hana kasoro yoyote."

"Usinifiche. Nimemlea peke yangu, labda kuna kitu sikumfunza, kitu anachofunzwa mtoto na baba. Ana mkono mrefu? Anaiba nyama za watu?"

"Astaghfirullah, mama! Mirodil?"

"Ana kiburi basi? Anamjibu fundi wake?"

"Mama, yule kijana hata kukohoa anaomba ruhusa."

"Basi ni nini?" Hapo sauti ikamkatika. "Nimepeleka posa nyumba mbili. Wananiuliza kijana anafanya kazi gani. Nasema mpishi, kwa Fundi Yodgor. Wanafurahi. Wananiuliza, amefungwa mshipi? Nasema bado. Wananitazama. Nyumba ya pili hata kibakuli cha chai hawakunijazia tena. Wenzake wana watoto shuleni, Robiya. Muulize mumeo. Akiniambia kasoro nitaikubali, mimi si mama wa kutetea ubovu."

Nilimwahidi. Nilimsindikiza hadi njiani, na moyo wangu ulikuwa unawaka.

Yodgor aliporudi sikumpa hata nafasi ya kunawa mikono.

"Baba Oydin, leo utanieleza. Mirodil umemnyimia nini mshipi?"

"Bado hajaiva."

"Hajaiva! Wewe chumvi yako unaionja kwa ulimi wa nani?"

"Mambo ya karai hayakuhusu, Mama Oydin."

"Yananihusu! Mama yake alikuwa hapa, amekaa hapo, ananiuliza kama mwanawe ni mwizi. Watu wanasema una kijicho, na mimi leo nimeanza kuwaamini."

Neno hilo lilimpata. Akakaa chini, akatazama mikono yake. Kisha akasema, "Sikufungwa."

"Hukufungwa nini?"

"Mshipi. Dua. Sikupewa. Nilipofika kwa Fundi Sobir siku ile alikuwa hajitambui, anakoroma tu. Sikupata hata neno moja. Matangani mzee Tolib akaniuliza mbele ya watu wote, 'Alikuombea dua, mwanangu?' Nilikuwa nalia. Nikainamisha kichwa. Wao wakaona nimeitikia. Wakasema amin, wakapangusa nyuso. Nikasema kesho nitawaeleza. Kesho yake wakaja kunipa harusi ya kupika."

Mungu anisamehe, nilicheka. Nilikuwa nimeanza kufikiria mke wa pili, ugonjwa, damu ya mtu. "Ni hilo tu?" nikamwambia.

Heri nisingecheka. Uso wake ulijifunga.

"Mwizi akila miaka mingi bila kukamatwa," akasema, "huwa si mwizi tena?"

"Umeiba nini? Watu waliokula kwako miaka yote hii walikula mchanga?"

"Walikula baraka ya Fundi Sobir. Karai ni lake, mwiko ni wake, njia zote ni zake. Mimi nimesimama tu pale penye moshi. Kila nikifunua kifuniko nasema leo ndiyo siku, leo watajua. Kila watu wakisema tamu, najua nimeahirishiwa tu."

"Basi kaseme! Mzee Tolib atakufunga mwenyewe kesho, tena kwa furaha."

"Baada ya miaka yote hii? Nimeoza mabinti wa mji mzima kwa uongo, niende niseme? Watoto watanizomea barabarani."

"Na Mirodil?"

Hapo ndipo alipolia. "Ndiyo sababu yenyewe. Nitampaje nisichokuwa nacho? Nikimfunga kwa mikono hii, karai lake la kwanza litaungua, na yeye atadhani ni kosa lake. Nampenda yule kijana. Afadhali asubiri."

"Asubiri nini, Baba Oydin?"

Hakujua. Niliona wazi kwamba hakujua. Lakini akachukua mkate uliokuwa kwenye kitambaa, akaniwekea mkononi, akaniapisha kwamba sitamwambia mtu. Kwetu aliyeapia mkate akavunja, mkate nao humvunja. Niliapa, kwa hasira, na kwa huruma pia. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema; sasa nguo hiyo tulikuwa tunaivaa wawili.

Nilidhani nitamlainisha polepole. Nilimwambia mshipi ni dua na dua ni ya Mungu, si ya Fundi Sobir. Nilimwambia Fundi Sobir hakununua kondoo kwa ajili ya mtu asiyefaa. Hili la pili lilimwingia kidogo, nilimwona, halafu akalitoa. "Labda angebadili mawazo Alhamisi," akasema. Ubishane vipi na mtu ambaye hata maiti anamwekea maneno mdomoni, mradi yawe ya kumlaumu yeye?

Baada ya Ramadhani kaka wa Qobil kinyozi alikuwa anaoza binti, na alimtaka Mirodil kwa jina asimame kwenye karai. Mirodil akaja kwetu amevaa shati safi, amenyoa. Hakukaa mpaka alipoambiwa. Mimi nilisimama mlangoni mwa jiko na birika mkononi, na nilikuwa namwomba Mungu.

"Fundi," akasema, "nimemwambia mwenye harusi siwezi kusimama bila dua yako. Sikuja kukulazimisha. Nimekuja kuomba uniambie kasoro yangu. Ukiniambia nitairekebisha. Ni mkono wangu? Ni ulimi? Ni tabia?"

Yodgor alitazama vidole vyake. Nilikaza macho usoni pake ili anione, hakuniinulia uso.

"Hujaiva," akasema.

"Kwenye nini, fundi?"

"Utajua ukiiva."

Mirodil akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyethibitishiwa kitu alichokuwa anakishuku. Kisha akainuka, akaushika mkono wa fundi wake kwa mikono miwili, akaubusu. "Ahsante, fundi," akasema. Alishukuru! Siku ile nilimchukia mume wangu, nasema wazi. Nilimpakulia chakula nikakiweka mbele yake kama kwa mgeni nisiyemjua, na nilifanya hivyo muda mrefu.

Mirodil hakusimama harusini kwa yule kaka wa Qobil. Msimu huo huo aliungana na vijana wengine wanaokwenda Urusi kwenye kazi za ujenzi. Mama yake alikuja kuniaga kwa niaba yake, maana kijana aliona aibu. Hakuniuliza tena habari ya kasoro. Alisema tu, "Labda huko atajifunza hicho anachokosa," nami nilikuwa na kiapo cha mkate kooni kama mfupa wa samaki.

Yodgor aliendelea na kazi. Alichukua wasaidizi wengine wawili, watu wazuri tu, akawa anatia chumvi bila kumgeukia mtu. Pilau ilibaki ile ile. Watu walisifu vile vile, naye alisema karoti zilikuwa tamu. Karai halikumuumbua, lakini yeye hakulihesabia hilo kuwa ni ushahidi. Alikonda. Alianza kuosha mchele mara mbili zaidi ya inavyotakiwa, na siku za harusi alitangulia kufika kabla hata mwenye nyumba hajaamka, akawa anamsubiri langoni kwenye baridi.

Januari, baridi ilipokuwa kali mpaka mabomba ya maji yakapasuka, Hosiyat akafariki. Ni mapafu. Kwetu maiti halazwi, alizikwa siku ile ile, na mwanawe alikuwa mbali na hakuwahi. Jeneza lake lilibebwa na majirani. Mtu wa kulia mbele yake akiwa amefunga kitambaa kiunoni, kama afanyavyo mtoto wa kiume, hakuwapo.

Arobaini yake Yodgor aliipika bila kuombwa na mtu. Walioshughulika walikuwa majirani, na wanaume wengi wa mtaa walikuja. Mimi nilikuwa nachukua sahani kutoka karaini kupeleka ndani kwa wanawake. Kando ya moto alikuwa amekaa Ergash, jirani wa Hosiyat, aliyerudi wiki ile kutoka jengo lile lile alilokuwapo Mirodil, mgongo umemharibika. Mzee Tolib akamuuliza habari za kijana.

"Anabeba saruji," akasema Ergash. "Nimemwambia wewe ni mjinga. Kuna mwenzetu ana hoteli ya chakula pale karibu. Sikukuu moja Mirodil alitupikia bwenini, basi tu tufurahi, na yule bwana akawapo. Alikula sahani mbili. Akamwambia kesho njoo jikoni kwangu, kuna joto, mshahara mara mbili. Akakataa."

"Amekataa? Kwa nini?"

"Anasema yeye hajaiva. Anasema fundi wake anamjua kuliko anavyojijua, na fundi wake si mtu wa kusema uongo. Sisi tukimwita fundi, kwa utani tu, anainuka anaondoka. Hata hiyo pilau aliyotupikia mwenyewe hakuionja. Anasema tumbo."

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa ameshika mwiko juu ya karai na mvuke unampiga usoni, wala hakujikinga. Mshipi hakumpa yule kijana, lakini alikuwa amempa kitu kingine kizima kizima, kile kile kilichokuwa kinamla yeye, na kijana alikuwa amekipokea kwa mikono miwili na kusema ahsante.

Yodgor akapakua mara ya mwisho bila kutazama, akamkabidhi msaidizi mwiko, akasubiri watu wale na dua isomwe. Kisha akaja moja kwa moja nyumbani, nami nyuma yake. Akaniambia nimtafutie namba. Nikapiga, nikaiweka simu juu ya godoro kati yetu na kufungua sauti tusikie sote.

"Fundi?" Ilikuwa sauti ya Mirodil, na nyuma yake mashine ya zege inasaga. "Kuna nini fundi, nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Mirodil, mwanangu, nenda mahali penye kimya."

Tukasikia hatua, mlango, kimya. Naye akamwambia. Hakujificha hata kidogo, hilo nampa: alisema habari ya Fundi Sobir anayekoroma, habari ya kichwa alichokiinamisha matangani, amin za watu, harusi ya kesho yake, na harusi zote zilizofuata. Alisema, "Niliogopa kukupa nisichonacho." Alisema, "Nilikudanganya."

"Kwa hiyo mimi sikuwa na kasoro," akasema Mirodil.

"Hukuwa nayo."

"Ulimi?"

"Mzuri kuliko wangu. Siku zote ulikuwa mzuri kuliko wangu."

"Mkono?"

"Mkono pia."

"Mimi huwa natafuta, fundi," akasema, polepole, kama anayemweleza mtu mwingine. "Nabeba mifuko huku natafuta. Kila kitu nimeshakifikiria. Nilifika mahali nikasema labda ni kwa sababu sikulelewa na baba, labda kitu hicho mtu anakiona usoni mwangu, mimi tu ndiye nisiyekiona."

Yodgor alikuwa analia wazi, machozi yanaingia ndevuni. "Njoo," akasema. "Rudi nikufunge mbele ya watu. Au hata sasa hivi. Sikufungwa mshipi na mtu yeyote, lakini nimepika, na wewe umepika, Mungu ameona. Nainua mikono, Mirodil, ninakuombea." Akainua mikono yote miwili mbele ya simu ile, na mimi nikainua yangu.

"Shusha, fundi," akasema Mirodil.

Alisema kwa adabu ile ile aliyokuwa akimwambia nayo karaini, "Bado, fundi. Kidogo tu." Tukashusha.

"Mama amekufa akidhani amezaa mtoto mbovu. Kwanza kamwambie yeye. Nenda kaburini ukamwambie yote haya uliyoniambia mimi, kuanzia mwanzo, halafu ndiyo unipigie. Na useme kwa sauti, fundi. Siku zake za mwisho masikio yake yalikuwa mazito, alikuwa hasikii mtu akinong'ona."

Kisha akakata.

Yodgor alikaa akiitazama simu. Ilikuwa Alhamisi, baada ya alasiri, saa ambayo nusu ya mtaa huwa makaburini kuwasomea wafu wao, na mzee Tolib na wenzake walikuwa wameshatangulia huko kutoka kwenye arobaini. Yeye alilijua hilo kama nilivyolijua mimi. Akapangusa uso kwa kiganja, akachukua kofia yake, akatoka, akashika njia ya makaburini.